Mkono wa Mama Kwenye Gia

Nyumbani kwa Baba,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Breki,

Pokea salamu zangu, na za Baba, na za nyumba nzima. U hali gani huko uliko? Kifua kimepoa, au bado unakohoa kila ukitoka kazini na ile baridi yenu? Wifi yangu hajambo? Na mwanao, yale meno ya mbele yameota au bado anazungumza kwa kutoa upepo? Mwambie shangazi yake anamkumbuka sana.

Sisi hapa tupo. Baba anakula, analala, anabisha kama kawaida yake. Mimi siumwi popote, ila nimechoka, mdogo wangu. Ile mashine kubwa ya kufulia hospitalini imekufa, na hadi leo mashuka ya wodi zote yanapita mikononi mwetu. Vidole vimenivimba. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka usinicheke.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu haifai kwa jambo hili. Nyumba unaijua, kuta zake ni jina tu. Nikiongea chumbani Baba anasikia sebuleni, nikihamia uani ndiyo anasikia vizuri zaidi. Masikio ya mzee yule, mh! Na wewe nawe ukipigiwa simu humwachi mtu akamaliza sentensi. Basi kaa chini, soma mpaka mwisho, halafu ndiyo ubishe.

Ni habari za Kipara.

Nasikia umeitundika picha yake ukutani, na wenzako kazini wanakuja kuitazama. Umeniambia huko mliko gari la wazi la zamani namna ile ni kitu cha thamani, watu wanalipanga kwenye mabanda na kulifuta kwa vitambaa laini. Sawa. Ila nasikia pia umemwambia mwanao kwamba lilikuwa gari la vita. Breki, tangu lini? Msomee mtoto sehemu hii, aujue ukweli. Lilikuwa gari la maji.

Idara ya maji ililinunua jipya kwa ajili ya mkubwa mmoja. Mkubwa akalipanda mara chache, vumbi likamwingia mdomoni, akasema apewe gari lenye milango. Hakuna dereva aliyelitaka. Babu yako, mwanangu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameajiriwa, akaambiwa chukua hilo. Kazi yake ilikuwa kulifuata bomba kubwa kutoka bwawani mpaka mjini, kupitia mawe, vichaka na makorongo, pasipo barabara. Watu walimwonea huruma. Yeye akagundua kuwa wamempa kile hasa alichokihitaji. Analaza kioo cha mbele juu ya boneti, anasimama juu ya kiti anaona bomba linavyokwenda mpaka mbali. Kisha anazima injini na kusikiliza. Bomba likivuja chini ya udongo linatoa sauti ndogo, ssss, na ukiwa ndani ya gari lenye paa na vioo huisikii ng'o. Ndiyo maana hakukubali kamwe kuliwekea paa, na ndiyo maana tukaliita Kipara.

Alipostaafu walimpa saa ya ukutani na hilo gari, maana lilikuwa limeshapangiwa kwenda kwenye chuma chakavu. Saa ilikufa mwaka uleule. Kipara yupo.

Hadithi ya mtoto imeishia hapo. Sasa naongea na wewe.

Unakumbuka tulivyokaa nyuma, tumeangaliana kwenye yale mabenchi ya bati, tumepigwa vumbi mpaka kope? Wewe kila tukianza kuteremka unapiga kelele, "Breki! Breki!" Mimi ndiye honi, kwa kuwa ya gari ilikufa kabla hatujazaliwa, na Baba akasema kwa sauti niliyopewa na Mungu hakuna haja ya kununua nyingine. Majina yakatuganda mpaka leo. Na Mama mbele, kiti cha abiria, kitambaa kichwani, mkono wake juu ya mkono wa Baba kwenye gia. Gia ya tatu ilikuwa inachomoka, lazima mtu aishikilie. Baba akisema, "Mama Honi, usiiachie," Mama anajibu, "Nimeiachia lini mimi?" Gari lile halikuendeshwa na mtu mmoja hata siku moja. Tangu Mama afariki halikutoka nje ya lango. Kila asubuhi Baba aliliwasha, akakaa kwenye usukani mpaka injini ipate moto, akazima, akarudi ndani. Nilidhani ni msiba. Nilimwacha.

Wakati huo yule bwana wa studio ya picha alikuwa ameshaanza kutusumbua. Anataka Kipara asimame uani kwake, maharusi wampande wapigwe picha. Akamwuliza Baba kama anaweza kuuziwa bodi tu, maana injini itamchafulia sakafu. Ungeiona sura ya Baba! Alimsindikiza mpaka langoni, akafunga, akarudi akiwa ananung'unika peke yake. Mimi nilitaka tuuze, nasema wazi, sina sababu ya kukuficha. Mafuta yanadondoka uani, kuku wanalala kwenye viti, na anayefagia ni mimi. Wewe unapenda picha yake, Breki. Mimi ndiye ninayeishi na gari lenyewe.

Ndipo ukaja na maagizo yako. Gari lisiuzwe. Lipakwe rangi, gia itengenezwe, na turubai zuri ulilolituma kupitia kwa yule rafiki yako lifungwe juu, ili Baba asinyeshewe. Likiwa tayari utakuja ulione. Moyoni nilisema, haya, angalau anakuja. Nikaenda kumwita fundi Nati.

Nati hajabadilika. Bado anaongea na magari kuliko watu. Alikuja na mfuko wake, akaingia chini ya Kipara akiwa anampa pole, tukaona miguu tu. Baada ya muda akatoka, anafuta mikono, ananitazama kama mtu aliyetaniwa.

"Nani kakwambia gia hii inachomoka?"

Nikamwambia kila mtu anajua. Tangu sisi wadogo Mama alikuwa anaishikilia.

"Dada Honi, gia hii niliitengeneza mwenyewe. Mama yenu aliniita mzee akiwa hayupo, mwaka ule aliosafiri Breki. Akasema nisimwambie mtu, anataka kumshtukiza mzee. Haijachomoka tangu hapo. Iko imara kuliko ya kwangu."

Akacheka, na mimi nikacheka. Nilijua nini mimi? Mwaka ule nilikuwa bado kwa mume wangu, nilikuja kurudi hapa baadaye Mama alipoanza kuugua. Nikaenda kumwambia Baba kama mtu anayepeleka habari njema. Alikuwa anafunga vifungo vya shati. Alifunga mpaka cha juu kabisa, ambacho hakifungi kamwe, akasema, "Kumbe."

Turubai likafungwa, Kipara akapakwa rangi, akapendeza, siwezi kukataa. Nati akasema mzee aliendeshe kidogo mpaka kwenye kiwanda cha matofali na kurudi. Baba akapanda. Mimi nikakaa kiti cha Mama. Injini ikawaka, Baba akaweka mkono kwenye gia, na mimi bila kufikiri nikanyoosha wangu niuweke juu. Nati yuko pale nje, akapiga kelele, "Achia gia ya watu wewe, imeshapona!" Tukacheka tena. Nikarudisha mkono mapajani. Baba akageuza uso upande wangu, akakaa hivyo kidogo, kama anayesubiri jambo. Kisha akatia gia, tukaondoka.

Mtaa wetu unaujua. Kabla hujafika kiwanda cha matofali njia inakata kona mbele ya baraza la Mama Cherehani, yule mshonaji. Baba hakukata kona. Alikwenda mbele moja kwa moja, taratibu, kama njia bado ipo. Nilipiga kelele kwa honi yangu yote. Tukaigonga nguzo ya baraza, cherehani likaanguka, meza ikaanguka, nguo za watu zikatapakaa kwenye vumbi. Mwenyewe alikuwa ameingia ndani kufuata uzi. Mungu mkubwa, Breki. Angekuwa amekaa pale mahali pake, barua hii ingekuwa nyingine.

Sikuogopa hapo. Niliogopa baadaye kidogo. Ilikuwa mchana kweupe, nguzo iko mbele ya pua yetu, ile ya bluu, imeinama. Baba ameshika usukani kwa mikono yote miwili na ananiuliza kwa sauti ya chini:

"Tumegonga nini?"

Mama Cherehani ndiye aliyemjibu, kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika siku ya Jumapili. Lakini alipomwona mzee anashuka huku anapapasa mlango usiokuwepo, na yeye akanyamaza, akaja kumshika mkono.

Tulimrudisha nyumbani kwa miguu. Nikampa chai, nikakaa mbele yake, nikamwambia, Baba, leo utanieleza. Alikizungusha kikombe mikononi mpaka chai ikapoa. Kisha akasema, na ninakuandikia kama alivyosema, kwa kuwa sijalala vizuri tangu siku ile:

"Macho yamekuwa yakifunga kutoka pembeni. Taratibu, miaka mingi. Sasa ni kama kuchungulia ndani ya bomba. Mama yenu alijua kabla yangu."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa, mdogo wangu. Mama aliona Baba anapitiliza kona, anakanyaga mashimo aliyokuwa anayakwepa, hakusema neno. Akaenda kumwomba Nati aitengeneze gia, isije ikachomoka mahali pabaya na akili yake ikiwa barabarani. Kisha akaendelea kuishikilia kama vile bado mbovu. Mkono wake ukikandamiza, Baba anapunguza mwendo. Ukivuta upande wake, anakata upande wake. Ukisukuma, anakata upande wa pili. Ukigonga gonga kwa vidole, njia ni nyeupe, twende. Hawakukaa chini wakapanga, Baba anasema. Ilianza tu, na yeye akaufuata mkono. Hivyo ndivyo walivyokwenda sokoni, hospitali, na bwawani kila Jumapili, huku wewe na mimi tukidhani ni wazee wawili na gia mbovu. Kilichobaki alikipata kwa masikio, kwa kuwa hakuna paa. Anasikia ukuta uko wapi, anasikia baiskeli, anasikia watoto. Na sisi tukaja, tukamfunika turubai na kumwondolea mkono kwa siku moja.

"Mama yenu ndiye aliyekuwa anaendesha," akasema. "Mimi nilikuwa nakanyaga tu."

Nikamwuliza mbona alitia gia siku ile, mbona hakuniambia. Akasema, "Wewe na fundi mnacheka, mnaniambia imepona. Ningesema nini?"

Sijui nilimkasirikia nani. Mama, nadhani. Ameondoka na siri kubwa namna ile, akaniachia nguzo ya Mama Cherehani. Halafu nikalia, kwa sababu nilimwona akilini pale kwenye kiti, na kile kitambaa chake, ameushikilia mkono kwenye gia juani kutwa, na akifika nyumbani anaanza kupika kwa mkono uleule.

Nimempeleka kwa daktari wa macho. Ananifahamu kwa ajili ya mashuka, akatupokea bila kutusotesha. Anasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Ametoa dawa ya matone ili kilichobaki kisiishe haraka, lakini hakuniahidi kwamba kitakaa sana. Baba aliuliza swali moja tu: sura za watu je? Daktari akamwambia, mtu akikaa mbele yako, karibu, kwa sasa utamwona. Njia nzima ya kurudi Baba alikuwa anarudia, "Kwa sasa. Kwa sasa."

Sasa naendesha mimi. Usishangae. Baba mwenyewe alinipa masharti: turubai litolewe, kioo kilazwe, na yeye akae kiti cha Mama. Turubai lako, nisamehe, liko barazani kwa Mama Cherehani, linamkinga na jua, na kwa ajili hiyo amekubali kutusamehe nguzo na kila kitu. Analisifu kwa wateja. Anawaambia limetoka nje.

Jumapili iliyopita tulipanda mpaka bwawani. Nilitia gia ya tatu, na Baba akaweka mkono wake juu ya wangu. Anakandamiza nikikimbiza. Anagonga gonga kwa vidole nikienda anavyotaka. Ananikosoa klachi, kila mteremko ananiuliza kama nimelala. Mgongo unaniuma, kiti kile hakina huruma, na juma zima nimekuwa nikikamua mashuka. Tulipofika juu akaniambia nizime injini. Bomba siku hizi limefukiwa chini kabisa na limekuwa la plastiki, nilitaka kumwambia, nikaacha. Akasimama juu ya kiti, ameshika fremu ya kioo, ameinamisha kichwa. Upepo mtupu. Baada ya muda akakaa. "Hakuna kinachovuja," akasema, akaridhika. Tukarudi. Na mimi, Breki, pamoja na uchovu wangu wote, nilifurahi. Ningeweza kukaa pale mpaka giza. Nimelielewa gari lile siku ile, na sikulielewa kwa rangi yake.

Njiani ndipo aliponiambia lililonifanya nikae niandike. Tulikuwa tunakutaja wewe. Akasema ulipokuja msibani ulikaa naye siku zote zile kwenye benchi, ubavuni kwake, ukimshika bega. Alisikia sauti yako. Alishika kichwa chako. Lakini nyumba ilijaa watu, na wewe ulikuwa pembeni, na pembeni haoni kitu. Akasema, "Mwanangu alikuja akaondoka, sikumwona."

Nikamwuliza, Baba, si ungemwambia tu akae mbele yako? Akasema, "Mtoto kafiwa na mama yake. Nimwongezee na la macho?"

Basi ndiyo hayo. Ulisema utakuja gari likiwa tayari. Liko tayari. Nati amenyoosha bampa, rangi imekwanguka kidogo upande mmoja, na kuku nimewahamisha. Lakini usije kwa ajili ya gari. Wala usitume kitu kingine, nakuomba, tusije tukagonga nyumba ya mtu mwingine. Njoo ukae mbele ya Baba, karibu, magoti kwa magoti, mchana, mahali penye mwanga.

Na mimi nipumzike siku chache. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli.

Shangazi yetu anakusalimu, bado anauliza kama umenenepa. Nati anakusalimu na anasema hana kinyongo na turubai. Mama Cherehani naye amesema nikuandikie salamu, nikamwahidi. Baba hajui ninaandika nini, ila amekaa sebuleni anaisikia kalamu, na sasa hivi ameniuliza kama nimeshamaliza kukusema. Nimemjibu bado. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akufungulie njia nyeupe, uje salama.

Ulipokuwa mdogo ulipiga kelele "Breki!" na Baba akasimama kila mara, hata kama mbele hapakuwa na kitu. Hakukuuliza kwa nini. Alisimama tu, akakugeukia, akakutazama usoni mpaka ucheke. Sasa anayepiga kelele ni mimi. Simama, mdogo wangu, ugeuke, uje akutazame.

Wako akupendaye, niliyechoka lakini nipo,

Dada Honi